Nimeagizwa kuchora karata za taroti zenye sura ya Kisumu. Nibadilishe nini, niache nini?

"Habari Mwalimu. Mimi ni mchoraji wa mabango na matatu, niko Kondele, Kisumu. Mteja mmoja amenipa kazi ya kuchora pakiti nzima ya karata za taroti, zile watu huzipigia ramli, 78, na anataka zote ziwe na sura ya kwetu: ziwa, mashua, watu wetu. Amenitumia kwa simu picha za zile za Wazungu nizifuate. Nilipofika kwenye Kifo, Shetani na zile za nyota ya pembe tano, nikaweka brashi chini. Mke wangu hataki zikae nyumbani, na mzee mmoja wa kanisa letu anasema ni maandishi ya siri ya Misri ya kuitia mapepo. Pesa naihitaji, sikatai. Nataka kujua alama hizi zinasema nini, nibadilishe zipi, niache zipi, na kama naruhusiwa kuiga. Na kama kazi yenyewe ni mbaya, niambie waziwazi."

Ndugu yangu, nianzie kwa mzee wa kanisa, maana hofu yake ndiyo iliyokuwekesha brashi chini. Hiyo habari ya maandishi ya Misri ina mwenyewe. Ni Mfaransa aitwaye Antoine Court de Gébelin, aliyeandika mwaka 1781 kwamba karata hizi ni mabaki ya kitabu cha makuhani wa kale wa Misri. Wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi hayo. Msomi Mfaransa, Champollion, aliyafumbua mwaka 1822, na habari ya karata haikuonekana humo. Lakini hadithi ilikuwa tamu, na waliotaka kuuza vitabu vya ramli walikwisha kuidaka.

Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ilizaliwa kama mchezo. Watawala wa Milano walichorewa zao kwa dhahabu. Karata za kawaida zilikuwa zimeshaingia Ulaya karne moja kabla, zikitoka kwa Wamamluki, wale masultani Waislamu waliotawala Misri na Shamu. Kwa hiyo Misri imo, ila si ile ya Farao. Pakiti mojawapo ya Wamamluki imehifadhiwa katika jumba la Topkapi mjini Istanbul, na ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Wacheza karata wa Pwani yetu wanayo majina ya aina zizo hizo mpaka leo, kopa, uru, shupaza na pau, kwa sababu Wareno waliyapokea huko Ulaya wakatuletea. Waitaliano waliongeza karata 22 za picha, na zote isipokuwa Mjinga zina nguvu ya kuzila zile za kawaida. Hizo ndizo zinazoitwa karata kuu, na ndizo zinazomtisha shemeji.

Na picha hizo 22 zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kanisani. Haki, Nguvu na Kiasi ni fadhila ambazo Wakristo wa Ulaya walizichora ukutani kwa mamia ya miaka. Hukumu ni malaika anapiga tarumbeta na wafu wanainuka makaburini. Katika pakiti uliyotumiwa, angalia pembe nne za Gurudumu la Bahati na za Dunia: mtu, tai, simba na ng'ombe. Ni wale viumbe wanne wa Ezekieli na wa Ufunuo, ambao Wakatoliki huwachora kuwa alama za Mathayo, Yohana, Marko na Luka. Kuhani Mwanamke ameketi kati ya nguzo mbili zenye herufi B na J. Fungua 1 Wafalme 7:21 utazikuta, Boazi na Yakini, nguzo za hekalu la Sulemani. Yule mwenye taji la ngazi tatu ni Papa, na miguuni pake zipo funguo za Petro. Mzee wako akikaa nazo kwa utulivu, huenda akatambua zaidi ya nusu yake.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Tangu mwisho wa karne ya 18 watu wengi wanazitumia kupigia bao, na mteja wako bila shaka atawauzia watu hao. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli bila kuzungukazunguka. Mimi ni mwalimu wa uchoraji na uchapaji hapa Nakuru, si mchungaji. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba karatasi na rangi hazibebi mikosi. Kama ni halali kwako kuchora kitu ambacho mwingine atakipigia ramli, hilo ni la dhamiri yako, na jibu lake huwezi kulipata kwenye historia ya sanaa. Nenda kwa mchungaji wako na picha zenyewe mkononi, usiende na uvumi. Shemeji aende pia, asisimuliwe tu. Na ukiona baada ya hapo moyo bado unakataa, rudisha malipo ya awali mapema. Kazi inayofanywa kwa woga huonekana kwenye mstari.

Tuseme umeamua kuendelea. Basi mjue kwanza aliyekutangulia. Picha ulizotumiwa zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909. Aliyeziagiza ni Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya siri, na mchapishaji alikuwa William Rider. Pamela alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika utotoni, na mwaka 1899 alichapisha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Kwa ujanja huyo ni ndugu yake Sungura wetu. Baadaye alifanya kazi na watu wa michezo ya kuigiza, na jambo hilo linaonekana: katika karata nyingi kuna mstari ulionyooka, mbele yake watu wamesimama kama juu ya jukwaa, nyuma yake mandhari imetandazwa kama pazia lililopakwa rangi. Mistari ni minene, rangi ni bapa. Wewe unayechora matatu unaijua kazi hiyo kuliko wanafunzi wangu.

Jambo kubwa alilofanya liko kwenye karata ndogo 56. Kabla yake, karibu pakiti zote zilikuwa na vitu vya kuhesabu tu: panga saba zimepangwa, vikombe vitano vimepangwa, basi. Pakiti moja ya Italia ya mwisho wa karne ya 15, iitwayo Sola Busca, ilikuwa na picha za watu hata kwenye hizo. Picha zake za kamera zilikuwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza tangu 1907, na ule moyo uliochomwa panga tatu ulitoka humo moja kwa moja. Pamela aliipa kila karata kisa chake. Ndiyo maana mteja wako amekupa hizo na hakukupa nyingine.

Sasa kanuni yenyewe. Nguo, nyuso, mimea na majengo badilisha utakavyo. Usiguse mpangilio: nani yuko juu na nani chini, nani anatazama wapi, mwanga unatoka upande gani, vitu ni vingapi. Maana imekaa hapo. Nimeziona pakiti kadhaa zinazojiita za Kiafrika ambazo ni mfalme wa Ulaya kavikwa shuka na kupewa mkuki, na ng'ombe wawili wakatupwa nyuma. Huo si utohozi, ni sare.

Chukua Kifo, ikuze kwenye simu uitazame vizuri. Mifupa iliyovaa vazi la vita jeusi imepanda farasi mweupe, imeshika bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Mfalme amelala chini, taji limemdondoka. Askofu amesimama, mikono ameikutanisha kifuani. Msichana amepiga magoti na kugeuza uso. Mtoto anatazama juu moja kwa moja, bila hofu. Ni watu wanne wenye majibu manne kwa mgeni yuleyule, na mwenye cheo kikubwa ndiye aliyetangulia kuanguka. Nyuma yao kuna mto na mashua, na mbali kabisa jua kati ya minara miwili. Wasomaji wa karata huichukulia kuwa mwisho wa kipindi na mwanzo wa kingine. Wachache sana huisoma kama msiba.

Kwako Kisumu farasi hana kazi. Usimpandishe Kifo kwenye bodaboda, nakuomba. Najua wazo litakujia, na litachekesha siku moja, halafu karata itakuwa bango la usalama barabarani. Mashua tayari imo kwenye picha ya asili, basi ilete mbele. Kifo kisimame kwenye mashua yenye tanga jeusi ikigusa ufuko wa Dunga, na kwenye mchanga awepo chifu aliyeanguka, mchungaji, msichana na mtoto. Lakini jihadhari na jua. Lile la Pamela linachomoza, ndilo linaloipa karata tumaini. Ukilichora juu ya ziwa, kila mtu wa Kisumu atajua ni machweo, maana kwenu ziwa liko magharibi, na karata yote itakuwa imefungwa giza. Geuza mtazamo: ziwa liwe mbele, jua lichomoze nyuma ya vilima vya Nandi, juu ya uwanda wa Kano.

Kuna watakaokushauri uchore tero buru, ile desturi ya msiba ya Wajaluo, ng'ombe wakikimbizwa na wanaume wenye mikuki. Mimi nisingefanya. Katika tero buru walio hai ndio wanaokifukuza kifo kiondoke bomani. Katika karata kifo ndicho kinachokuja. Mwelekeo ni kinyume, na Mjaluo yeyote ataona pia kwamba umechora matanga ya mtu fulani.

Shetani usimchore peke yake. Weka picha yake kando ya ile ya Wapenzi. Ni mpangilio uleule: kiumbe mwenye mabawa juu, mwanamume na mwanamke chini yake. Kwenye Wapenzi ni malaika, na nyuma ya mwanamke kuna mti wenye nyoka, yaani Adamu na Hawa. Kwenye Shetani watu walewale wamefungwa mnyororo shingoni, wameota pembe na mikia. Tazama huo mnyororo: umelegea kiasi kwamba wangeuvua wenyewe. Karata nzima imekaa kwenye ulegevu huo. Ukiukaza umebadilisha maana, umewafanya mateka. Chora karata hizi mbili sambamba, karatasi juu ya karatasi, ili macho ya mtu yazilinganishe bila kuambiwa.

Na yule kiumbe mwenyewe? Sura ya mbuzi mwenye mabawa ya popo inatokana kwa sehemu kubwa na mchoro wa Mfaransa Éliphas Lévi wa miaka ya 1850. Mwache awe mbuzi kama alivyo. Usimchore kwa sura ya ajuoga, mganga wa Kijaluo, mwenye manyoya na gagi zake za kupigia ramli, hata mteja akiomba. Babu zetu waliitwa mashetani vya kutosha na watu waliokuja na vitabu.

Nyota ya pembe tano ina kisa kidogo tu. Ilipo juu ya sarafu, pembe moja ikielekea juu, ni alama ya zamani ambayo Wakristo wa Ulaya waliihusisha na majeraha matano ya Kristo. Iko kwenye bendera ya Morocco tangu 1915, iko pia kwenye ya Ethiopia. Iliyopinduliwa, pembe mbili juu, ndiyo iliyohusishwa na uovu, na hilo nalo ni la karne ya 19. Katika pakiti yako utaiona hiyo kwenye paji la uso la Shetani. Lakini kama nyota inawasumbua nyumbani, iondoe. Aina hii ilikuwa ya sarafu tangu mwanzo, nyota ililetwa baadaye. Chora ndururu ya zamani, ile senti tano ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati. Ni duara, inahesabika hata zikiwa kumi, na wazee wataipenda.

Panga ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko Shetani, na wewe hukuzitaja. Karata ya panga tisa ni mtu ameketi kitandani usiku, uso ameuficha mikononi, ukutani panga tisa. Kwa mtu wa Ulaya upanga ni kitu cha makumbusho. Kwetu Nakuru na kwenu Kisumu, ukichora panga la shambani ukutani juu ya kitanda, mtu aliyekuwepo mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hataona karata. Tumia mikuki. Ni mirefu, inapangika vizuri, na ina ncha ambayo alama hii inaihitaji, kwa kuwa inahusu akili na maneno yanayochoma. Fimbo ziwe fito za mti wa siala zinazochipua majani, usisahau majani, ndiyo dalili ya uhai iliyo kwenye zote. Vikombe viwe vibuyu au vyungu vidogo, upendavyo.

Nyingine zitakuja zenyewe. Mwezi una mbwa, mbwamwitu, na kamba anayetambaa kutoka majini. Weka mbwa, fisi, na kamongo akitoka kwenye tope. Samaki anayepumua hewa na kulala ardhini wakati wa kiangazi anafaa kuliko kamba wa Pamela. Mjinga atembee ukingoni mwa shimo la volkeno la Menengai akitazama mawingu, mbwa akimrukia miguuni. Mnara upigwe na radi ya Kisii au Kakamega, ila uwe ghorofa la mtu mwenye majivuno. Ukichora nyumba ya nyasi ya mjane, taji linaloanguka litakosa mahali na karata itakuwa ya huruma. Aliyening'inizwa ananing'inia kwa mguu mmoja, kwenye mti ulio hai, uso umetulia na una mwanga. Zamani huko Italia wasaliti walichorwa ukutani hivyo, kichwa chini, kuaibishwa. Kamba isikaribie shingo hata kidogo, kwa sababu hapa kwetu maana yake ni nyingine kabisa. Uchi ulioko kwenye Jua, Nyota na Dunia unaweza kuufunika kwa leso bila hasara kubwa. Kwenye Nyota tu, mwache yule mwanamke miguu mitupu, mguu mmoja majini na mmoja nchi kavu.

Neno moja kuhusu namna karata "zinavyomjua" mtu, kwa kuwa linahusu brashi yako. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye peke yake. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Picha za Pamela zinafanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo: zinaonyesha tendo, sababu hazionyeshi. Vikombe Nane ni mtu anayeondoka usiku akiwa ameviacha vikombe vyake vyote nyuma. Kwa nini anaondoka, picha haisemi. Anayeitazama anajaza yake. Wewe una mazoea ya matatu, ambako kila nafasi hujazwa maneno na nyota na sura ya mchezaji. Hapa acha nafasi. Ukichora na sababu, umeiua karata.

Kuhusu wingi wa kazi, picha 78 ni nyingi mno kwa mtu mmoja anayefuata kodi ya nyumba. Mshauri mteja muanze na karata kuu 22. Watu huzitumia peke yake, na zinaweza kuuzwa zikiwa hivyo. Hasara ni kwamba anaweza kuridhika nazo na zile 56 zisije kamwe, nawe ukose malipo yake. Ukizichukua zote kwa bei moja, hasara itakuwa kubwa zaidi. Karata ya kawaida ya taroti ni kama milimita 70 kwa 120. Chora mara mbili yake, acha nafasi ya kukatwa kila upande, ibaki milimita 3 mchoro ukishapunguzwa, na peleka karata moja kwa mchapaji kabla ya kuendelea, kwa sababu buluu ya ziwa kwenye simu na buluu ya kwenye karatasi hazifanani.

Kuiga kunaruhusiwa. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mchoro hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mchoraji, na Pamela alifariki 1951. Angalia tu kama picha ulizotumiwa ni za 1909 kweli. Pakiti zilizochorwa upya miaka ya karibuni zina wenyewe.

Linalokuhusu zaidi ni haki yako wewe. Pamela alimwandikia rafiki yake Novemba 1909 kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Picha zake zimeuzwa duniani kote, na yeye alikufa na madeni. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Ukinyamaza, umeshatoa. Kwa hiyo kabla ya karata ya pili mtafute wakili hapo mjini, au uwaulize KECOBO, bodi ya hakimiliki, muandikiane: nani ana michoro ya asili, unalipwa nini kila toleo likichapwa upya, na jina lako litakaa wapi. Pamela alificha herufi zake tatu kwenye pembe ya kila karata, zimesokotana kama mzabibu. Wewe weka zako zisomeke.